Nani Somo wa Mtoto Wako?

Anayemrubuni mtoto kwa njia ya simu hana haja ya panga wala bastola. Ana maneno matatu yanayomtosha: nitamwambia mama yako. Akishapata picha moja ambayo mtoto hakupaswa kuituma, au ujumbe mmoja wa aibu, maneno hayo humfanyia kazi usiku na mchana. Mtoto atatuma picha ya pili ili ya kwanza isimfikie mama. Atatuma na ya tatu. Atachomoa noti kwenye pochi ya baba, atamwomba shangazi nauli ya safari ambayo haipo, na wakati wa chakula atakaa kimya huku simu ikitetemeka mfukoni.

Nguvu hiyo mhalifu ameipata wapi? Kwetu. Kwenye mkanda uliotundikwa nyuma ya mlango, kwenye kauli ya "siku nikikukuta na upuuzi huo utanitambua", kwenye kofi ambalo mtoto anaujua uzito wake kuliko anavyoijua sheria yoyote ya nchi. Mhalifu ameazima fimbo ya mzazi, anamchapia nayo mtoto wa mwenye fimbo.

Wazee wa pwani hawakuwahi kuiona simu, lakini jambo hili walilijua. Walijua kwamba yapo mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia mama yake, hata mama akiwa mpole namna gani, wala hawakuhesabu kuwa ni utovu wa adabu. Basi wakaweka mtu. Msichana alipokaribia kuvunja ungo alipewa somo, ambaye wengine humwita kungwi: mwanamke anayeaminiwa na wazazi lakini asiye mzazi. Kazi yake haikuishia kwenye ngoma na mafunzo ya ndani. Alibaki kuwa somo. Msichana akiposwa, somo yupo. Akiolewa, somo yupo. Likimfika jambo ambalo mdomo unakataa kulitamka mbele ya mama, anajua mlango wa kwenda kuugonga. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimsikia kwa taarab, lakini Unguja wapo waliomjua kwanza kwa unyago. Wavulana nao walikuwa na ngariba na walezi wao wa kumbini, wanaume waliosema waziwazi yale ambayo baba angeona haya kuyasema.

Sisemi turudishe kila kilichokuwamo katika jando na unyago. Yapo yaliyomharakisha msichana kuolewa kabla hajajijua, na hayo yafe. Ninayemtaka mimi ni yule mtu. Katika semina na mabango yote ya usalama wa watoto mtandaoni mzazi anaelekezwa namna ya kufunga, kuzuia, kuchunguza na kupekua, na ni machache sana anayoambiwa juu ya nani ataambiwa mambo yakishaharibika. Mambo mengine yataharibika tu. Mtoto mwenye akili, aliyelelewa vizuri, anayeswali na kushika namba ya kwanza darasani, anaweza kulaghaiwa na mtu mzima ambaye kulaghai ndiyo kazi yake ya kila siku.

Mzazi mwenyewe anaweza kujitahidi kuwa mtu huyo, na mfano tunao. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Anaanza kwa kumwita binti yake asogee karibu naye, na wino na karatasi, ndipo anasema yaliyomo moyoni. Nasaha zenyewe, hasa zile za mke kumtii mume, wasomaji wa leo wanabishana nazo, na wana haki ya kubishana. Mimi natazama namna alivyoziweka. Hakungoja binti aulize. Hakungoja kosa litendeke ndipo aite. Wazazi wangapi leo wamewahi kumkalisha mtoto wa darasa la sita na kumwambia, kabla hakijatokea chochote, kwamba iko siku mtu anaweza kumwomba picha ya mwili wake, na siku hiyo ikifika aje aseme, na akisema hatapigwa?

Najua jibu litakalokuja: mchelea mwana kulia hulia yeye. Naikubali methali hiyo, na nitaitumia hapa chini. Lakini haikutaja kupiga. Inamsema mzazi anayeshindwa kumnyima mtoto kitu kwa kuogopa machozi yake, na mzazi wa namna hiyo siku hizi ndiye anayempa simu mtoto wa miaka miwili ili apate kupika kwa utulivu, kisha akamsifu kwamba ana akili kwa sababu anajua kufungua YouTube mwenyewe.

Tukifikiria hatari za mtandaoni, akili hukimbilia kwa mtu asiyejulikana aliyejifungia chumbani katika nchi ya mbali. Yupo, na nitamfikia. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2022 ilitoka ripoti ya utafiti uitwao Disrupting Harm juu ya Tanzania, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF. Ulikuta kwamba katika watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja tu, na watafiti wakakadiria kwamba kwa nchi nzima hao ni watoto wapatao 200,000. Mara nyingi aliyewatenda alikuwa mtu wanayemfahamu. Waliofika polisi walikuwa wachache mno.

Mtu anayefahamika maana yake ni mwalimu wa tuisheni, binamu aliyekuja likizo, bodaboda anayempeleka shule, jirani anayemrushia bando la wiki na kumwambia asimwambie mtu. Huyo hapigi hodi. Anakula pilau ya Idi pamoja nanyi. Kwake simu ni ya kuendeleza usiku alichokianza mchana.

Hapa wazee walituangusha, nasi tunaendelea kujiangusha. Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, walisema. Kikao cha ukoo kinaitishwa, mkosaji anatozwa faini, binti anahamishiwa kwa bibi yake shamba, na mwaka unaofuata yule bwana yumo kwenye kamati ya harusi. Haikuwa haki hata wakati ule. Leo wala haimalizi kitu, kwa kuwa ukoo unaweza kupatana jioni moja lakini picha ikishatoka haimo tena mikononi mwa ukoo. Yuko binti aliyehamishiwa Handeni na picha yake ikamtangulia.

Sasa yule wa mbali. Namna bora ya kumweleza mtoto juu yake nimeiona katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18 zilizomo katika mji uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Anayepiga hodi hukutana na daka, kibaraza chenye viti vya mawe kila upande. Wengi wa wageni walikomea hapo: kahawa, maongezi, kwaheri. Nyuma ya daka njia inapinda, ili mpita njia asiuone uwanja hata mlango ukiwa wazi. Mgeni wa heshima alipelekwa sabule, chumba cha wageni. Kisha iko misana, yaani kumbi ndefu, wa tini (chini) na wa yuu (juu), kila mmoja umeinuka kidogo kuliko uliotangulia, na nyuma yake ndiko ndani kwenyewe. Mtoto wa nyumba ile hakufundishwa kwa maneno nani ni nani. Alimjua mtu kwa kuona anapoishia.

Simu nayo ina madaka na sabule zake, ila mwenye nyumba hana budi kuzijenga mwenyewe. Maoni yanayosomwa na kila mtu ni daka. Grupu la darasa ni sabule. Ujumbe wa watu wawili, wenye picha na sauti, huko ni ndani. Mrubuni hukutana na mtoto dakani, mara nyingi kwenye mchezo, Free Fire au Roblox, wanakocheza watu wasiojuana. Anamsifu kwa ustadi. Anampa diamondi za mchezo. Anamwuliza ana miaka mingapi, anakaa na nani, mama anarudi saa ngapi kazini. Baada ya siku kadhaa linakuja ombi linalofanana popote duniani: huku kuna kelele, tuhamie WhatsApp. Mtoto si lazima ajue lolote juu ya teknolojia ili aling'amue ombi hilo. Ajue tu kwamba mtu aliye dakani anataka kuingizwa ndani, na mwenye kumkaribisha mgeni ndani ni mkubwa wa nyumba, si mtoto.

Mengine ni ufundi wa dakika chache, nao uko kwa mzazi. Kwenye WhatsApp, fungua mipangilio ya faragha, upande wa makundi: usipogusa kitu, yeyote mwenye namba yako anaweza kukutia kwenye kundi lolote lile, hata la watu mia usiowajua. Badilisha iwe ni wale tu uliohifadhi namba zao. TikTok, akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 haionekani kwa kila mtu tangu inapofunguliwa, na aliye chini ya miaka 16 hatumiwi ujumbe wa faragha. Instagram nayo tangu Septemba 2024 ilianza kuwawekea vijana akaunti za namna yao, zilizofungwa.

Mazuri hayo, lakini hayamfikii mtoto wa Manzese, wala wa Mvita. Kwa nini? Kwa sababu mtoto huyo hana simu. Anatumia ya mama. Kampuni inaona mwanamke wa miaka 38 anayependa vibonzo jioni, na inamtendea kama mtu mzima: milango wazi, ujumbe kutoka kwa yeyote, video za usiku zinazoletwa mchana. Kinga zote zilizobuniwa kwa ajili ya watoto zinamtafuta mtoto kwa mwaka wake wa kuzaliwa, na mwaka aliouandika mama ni wake yeye. Ushauri mwingi tunaoupokea ulitungwa kwa nyumba ambazo kila mtoto ana kifaa chake. Kwetu jambo la kwanza ni kutenganisha: ama mtoto awe na akaunti yenye umri wake wa kweli, ama programu yenye akaunti ya mama asiiguse kabisa, afungue nyingine. Laini nayo ni hivyohivyo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipotiliwa mkazo Tanzania, na zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, namba anayotumia mtoto imesajiliwa kwa kidole cha mtu mzima. Kitakachofanywa na namba hiyo kitaulizwa kwa mwenye kidole.

Juu ya umri, miaka 13 imekuwa kama aya. Facebook inasema 13, Instagram 13, TikTok 13, WhatsApp 13, na mzazi anaona kwamba wataalamu wamekaa wakapima akili ya mtoto, wakaona kuwa hapo ameiva. Hawakupima. Namba hiyo ilitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iitwayo COPPA, inayozuia tovuti kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi. Kampuni zikaona rahisi zaidi kuwakataza watoto wa umri huo kuliko kuwatafuta wazazi wao. Ni hesabu ya wanasheria. Wengine wameshaona haitoshi: Australia ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, ikaanza kutumika Desemba 2025. Wazee wetu hawakuhesabu miaka. Walimtazama mtoto mwenyewe, wakamfunza kabla ya kumvusha, na aliyemfunza akabaki kumwangalia. Wako wa miaka 12 ninaowaamini na simu kuliko baba zao wanaosambaza kila uzushi wa dawa ya kisukari, na wako wa miaka 17 ambao bado. Mzazi anamjua wake.

Ila liko jambo moja lisilo na mjadala, na hapa ndipo naiita ile methali ya mwana na kulia. Simu isilale chumbani kwa mtoto. Ilale sebuleni, au chini ya mto wa mama, tangu saa ya kulala hadi asubuhi. Anayemrubuni mtoto anazipenda saa za usiku, nyumba ikiwa imenyamaza na mtoto yuko peke yake chini ya shuka. Mtoto atanuna, atasema wenzake wote wanaruhusiwa, atalia. Alie.

Walimu wana yao, na yao ni mazito. Shule zetu nyingi zinakataza wanafunzi kuja na simu, na hoja zake zinaeleweka. Lakini katazo limewafanya walimu wengine waamini kwamba jambo hili haliwahusu: simu iko nyumbani, basi na shida iko nyumbani. Mwalimu huyohuyo ana kishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu Tanzania. Basi kifaa anacho. Anaweza kusimama mbele ya darasa la tano na kuwaonyesha kwa macho yao jinsi mtu mwenye ndevu anavyoweza kujiandikisha kwa jina la msichana wa miaka 11 na picha ya ua. Somo hilo halihitaji mtaala mpya wala posho ya semina.

Nalijua zoea moja ambalo ningependa life kesho. Mwanafunzi anakamatwa na simu bwenini. Simu inapekuliwa ofisini, na asubuhi ujumbe wake wa mapenzi unasomwa mstarini, shule nzima ikicheka. Wakubwa wanaona wamekomesha tabia. Katika ule mstari yupo mtoto mwingine, pengine wa kidato cha kwanza, ambaye tangu Jumatatu anatishiwa na mtu mwenye picha zake, na jana usiku alikuwa ameamua kumwendea matroni. Akishasikia kicheko kile hatakwenda tena. Mwalimu wa malezi anaweza kuweka sanduku la maoni kila ukuta, asipate karatasi hata moja, kwa kuwa shule nzima imeshaona kinachofanywa na siri ya mtu.

Kisha ziko video. Mwanafunzi anakosea kujibu swali, au anacheza muziki akiwa na sare yenye jina la shule kifuani, mwalimu anarekodi, anatupia TikTok, watu laki moja wanacheka. Hamkusudii ubaya, najua. Lakini sasa watu laki moja wanamjua mtoto huyo kwa uso, wanajua shule aliko, na pengine mwalimu amemwita kwa jina lake la kwanza. Wazazi nasi tunafanya vivyo hivyo kila msimu wa mahafali ya chekechea, kisha tunamwonya mtoto asitoe taarifa zake kwa watu asiowajua. Atatushangaa.

Baya kuliko yote hayo linafanywa na watu wema. Inaingia kwenye grupu la ukoo, au la jumuiya, au la wazazi wa darasa la tatu, video ya mtoto anayefanyiwa ukatili, na chini yake imeandikwa: sambazeni mpaka wazazi wake wapatikane, sambazeni mpaka huyu mnyama akamatwe. Wanasambaza kwa machozi na dua. Kila anayesambaza anamvua mtoto yule nguo upya mbele ya watu wengine. Tena, ikiwa ni ya kingono, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inagusa uchapishaji na usambazaji wa picha za namna hiyo za watoto. Haina mlango wa pembeni wa aliyesambaza kwa huruma. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao. Ukiipokea video kama hiyo, mwambie aliyeileta aiondoe, wapigie polisi, kisha ifute. Usiibebe kwenye simu yako ukizunguka nayo.

Siku ikifika na mtoto akasema, dakika ya kwanza ndiyo inayoamua. Atasema nusu. Watoto husema nusu ili waone uso wako. Ukiuliza "kwa nini ulituma?" nusu ya pili hutaipata. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, kisha nyamaza, ingawa moyo unakupiga na mkono unawasha. Hasira yako nenda nayo uani, ukairudie jioni ukiwa na mtu mzima mwenzio.

Baada ya hapo ni kazi. Usifute ujumbe kwa kuudhika nao. Huo ndio ushahidi. Pigeni skrinishoti za mazungumzo, namba, jina la akaunti na tarehe, ndipo mumzuie mtu huyo asiweze kuandika tena. Msimlipe hata shilingi: anayelipwa mara moja amejua kwamba hapa panalipa. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, na kama hamjui pa kuanzia pigeni 116, namba ya kumsaidia mtoto isiyolipiwa, inayotumika Tanzania na Kenya. Hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Na ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha NCMEC, ambayo wazazi wengi hawajaisikia. Mtu anaichagua picha yake iliyopigwa kabla hajafika miaka 18 akiwa kwenye simu yake, nayo hutengenezewa namba ya utambulisho. Inatumwa namba tu, picha haitoki. Kampuni zilizojiunga, zikiwemo za Instagram na TikTok, huitumia namba hiyo kuisaka picha na kuiondoa. Huduma hiyo haiingii kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa sababu ujumbe wa huko umefungwa njia nzima, lakini huziba njia kubwa.

Nimesema sana juu ya wasichana, na huo nao ni mtego, kwani wanaowinda fedha siku hizi wanawataka wavulana. FBI ya Marekani imekuwa ikionya tangu mwaka 2022 kwamba wanaolengwa zaidi na vitisho vya picha kwa ajili ya fedha ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Msichana mzuri, ambaye ni mwanamume mzima nyuma ya picha ya kuiba, anaomba wabadilishane picha. Zikishatumwa tu, dakika hiyohiyo linatajwa dau. Wapo watoto waliojiua ndani ya saa chache. Mvulana wetu yuko vibaya zaidi, maana amefundishwa kwamba mwanamume halii wala hashtaki. Siku hizi anatahiriwa hospitalini akiwa mchanga, jambo jema kwa afya yake, ila walezi wa kumbini waliondoka pamoja na kumbi, na hakuna aliyekaa mahali pao. Baba anamwuliza juu ya hesabu na mpira.

Kwa hiyo likizo hii, kabla ya kununua programu ya kumpeleleza, mtafutie mtu. Mjomba, shangazi, bibi, mwalimu wa madrasa au wa kipaimara ambaye umemjua miaka mingi, na ambaye mtoto mwenyewe anamtaka; usimchagulie yule anayekufaa wewe, na mkisha kuafikiana weka wa pili, kwa sababu mmoja aweza kuwa ndiye nguo yenye kinachokula. Mwambie mtu huyo mbele ya mtoto: huyu akikuletea jambo, lolote, mimi nimekuruhusu ulisikie kwanza kabla yangu, na nikilisikia sitampiga. Mwambie pia kwamba likiwa ni la mtoto kudhuriwa haliwi siri ya wawili. Linakwenda hadi kwenye 116.

Watu huniambia kwamba bibi hafai kazi hiyo, ana simu ya kitochi, hata status hajui ni nini. Anafaa sana. Mtoto aliyetishiwa hamwendei mtu wa kumfundisha mipangilio ya faragha. Yule kijana wa dukani anayeuza vocha atamfanyia hiyo kwa dakika tano. Anamwendea mtu ambaye hatapiga kelele. Bibi amekwisha kusikia makubwa zaidi ya hayo katika umri wake, atamsogezea mkeka, atamwuliza amekula, na jioni atatuma mtu akuite.